Kuandika kwa Ajili ya Mkaguzi

Mwaka 1973, nikiwa mwalimu mpya niliyetoka chuo cha ualimu, tulipata habari kwamba mkaguzi wa shule angefika siku ya Alhamisi. Tangu Jumatatu nikawafundisha watoto wa darasa la nne somo lile lile la sehemu, mpaka wakalikariri. Alhamisi mkaguzi akaketi nyuma ya darasa. Nikaandika ubaoni, nikageuka, na kabla sijauliza swali mtoto mmoja akanyoosha mkono na kusema, "Robo tatu, mwalimu!" Mkaguzi hakucheka. Katika ripoti yake aliandika kwamba mwalimu awafundishe watoto, asimfundishe mkaguzi.

Sikudhani kwamba nikiwa na zaidi ya miaka sabini ningerudia kosa lile.

Baada ya kustaafu, mjukuu wangu alinifungulia jarida la barua pepe. Kwa msomaji asiyelijua jambo hili: mtu huandika makala yake katika jukwaa la intaneti, nalo humpelekea kwa barua pepe kila aliyejiandikisha. Substack, iliyoanzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 2017, ni miongoni mwa majukwaa yaliyoueneza sana mtindo huu. Mwandishi hulitumia bure. Akiwatoza wasomaji ada, jukwaa huchukua asilimia 10. Majukwaa ya namna hii huwa na mahali pa kuonyesha majarida yaliyochaguliwa, na anayewekwa hapo huonekana na watu asiowajua kabisa.

Mimi, katika jukwaa jingine, nilikuwa na wasomaji 38, karibu wote jamaa na wanafunzi wangu wa zamani. Nikautamani ukurasa ule. Nikaanza kuchunguza waliochaguliwa, na kwa macho yangu ya tamaa nikaona vichwa vya kushtua tu. Basi nikaandika habari za mwalimu mwenzangu, sasa marehemu, aliyeacha kazi ghafla miaka mingi iliyopita. Ukweli ni kwamba alikwenda kumwuguza mama yake. Lakini mimi niliificha sababu hiyo hadi aya ya mwisho, na juu nikaandika: "Siku Mwalimu Alipotoroka."

Makala ile ilifunguliwa kuliko zote nilizowahi kuandika. Wiki iliyofuata mjane wake akanipigia simu.

"Shemeji," alisema, "wajukuu wamesoma kichwa tu. Wananiuliza babu yao alitoroka nini."

Sikuwa na la kumjibu. Hakuna lililokuwa uongo katika aya zangu, na hata hivyo nilikuwa nimemdhulumu mtu asiyeweza kujitetea, ili nionwe na wahariri ambao labda hata hawakunisoma.

Nilikibadili kichwa kile, kisha nikaandika makala ya kuomba radhi. Kabla ya kuituma nilimsomea yule mama kwa simu. Alinyamaza kidogo, akaniomba niongeze kwamba marehemu mumewe alikuwa na mwandiko mzuri. Nikaongeza.

Majukwaa haya yana mlango mwingine, nao ni mwandishi kumpendekeza mwandishi mwenzake. Substack iliufungua mwaka 2022. Mkunga mmoja mstaafu, ambaye nimekuwa nikisoma jarida lake na kumwandikia maoni, aliisoma ile radhi akawaambia wasomaji wake wanisome. Katika miezi miwili 38 wakawa 164. Mgeni huingizwa na mwenyeji.

Mtu akiniuliza leo afanyeje ili jarida lake lionekane, nitamjibu kama nilivyowajibu walimu wapya. Chagua somo moja ulijualo. Eleza kwa sentensi mbili jarida lako linahusu nini na ni la nani, kwa sababu mgeni hana subira. Toa makala siku ile ile uliyoahidi. Wasome wenzako na uwasifu kwa haki, bila kudai malipo. Na kichwa cha makala kiwe kama kibao cha mlangoni: kiseme kilichomo ndani.

Ukurasa wa waliochaguliwa sijaufikia. Wala sitamdanganya msomaji: kila Jumatatu ningali naufungua kuangalia. Ila siku hizi naufungua baada ya kumaliza kuandika.