Kutoka kwa Mkwaju hadi Tiki za Bluu

Mpenzi wa kwanza wa kwenye hadithi niliyemfahamu alikuwa dereva wa lori. Jina lake Mkwaju, na tulimjua redioni, kwenye mchezo wa «Twende na Wakati» ulioanza kurushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, mara mbili kwa wiki, jioni. Mkwaju alikuwa na mke, Tunu, na alikuwa na wanawake wengine huko njiani alikopita. Mwisho wake ukawa UKIMWI. Mchezo ulitungwa makusudi kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na maradhi. Ili watafiti waone kama unabadilisha watu, wasikilizaji wa Dodoma hawakurushiwa mpaka mwaka 1995.

Kwetu Mlowo tulirushiwa, na sidhani kama kuna mji uliouhitaji zaidi. Barabara kuu ya Tunduma inapita katikati yetu. Mama alikuwa mamantilie kando ya barabara hiyo, na wateja wake wakubwa walikuwa madereva wa malori ya Zambia na Kongo. Redio ilikaa juu ya kabati la vyombo, betri zikichoka zinaanikwa juani. Saa ya mchezo ikifika, mwiko unasimama. Nakumbuka dereva mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, aliyekuwa anakula ugali na maharage Mkwaju akiwa hewani.

«Kaka,» mama akamuuliza, «huyu si ndugu yako?»

«Dada yangu, mimi mke wangu mmoja tu, na kanisani wananijua.»

Utingo wake akapaliwa na maji.

Nikimkumbuka Mkwaju leo, kinachonishangaza ni kwamba hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Hakukesha akijiuliza kama anapendwa. Wenye wasiwasi walikuwa sisi tuliomsikiliza.

Mabasi ya Dar es Salaam ndiyo yaliyotuletea watu wa aina nyingine. Konda alishusha magazeti ya Global Publishers, Uwazi, Ijumaa, Risasi, na ndani yake hadithi za mfululizo za Eric Shigongo, ambaye mwaka 2020 alikuja kuwa mbunge wa Buchosa. Wapenzi wa hadithi hizo walikuwa watu wa Dar, wenye magari na majumba, na walipendana kwa mateso. Jina kama «Rais Anampenda Mke Wangu» linatosha kukuonyesha ukubwa wa tatizo. Gazeti likishasomwa na mtaa mzima, lilikwenda kwa muuza karanga. Zipo hadithi ambazo nilizisoma kwenye karatasi za karanga tu, kipande cha kati, na mpaka leo sijui yule daktari alimwoa nani.

Halafu kikaja kibanda umiza: mabenchi ya mbao, jenereta inayonguruma nyuma, watoto wamekaa chini mbele ya televisheni. Kwanza zilikuwa filamu za mapigano, kisha zikaingia zetu. Kundi la maigizo la Kaole lilikuwa limeshajijengea jina ITV. «Girlfriend» ya George Tyson ilitoka mwaka 2003, na baada yake ikafuata mvua ya filamu za waigizaji Kanumba, Ray na Johari. Ukiwatazama wale watu, hadithi nzima ilipita sebuleni. Mwanaume anashuka ngazi, anakaa kwenye sofa, anashika kichwa, anapanda tena ngazi. Simu inaita, hapokei. Bibi mmoja jirani yetu, mkulima wa kahawa, aliangalia nusu saa nzima kisha akauliza, «Hawa wanakwenda shamba saa ngapi?» Kibanda kizima kikaangua kicheko. Tuliwaona watu wa Dar kama wagonjwa wa maradhi ambayo kwetu hayafiki. Hata hivyo Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, Mlowo walilia kama wamefiwa nyumbani.

Wamarekani nao wana mgonjwa wao. Mwaka 1977 Woody Allen alitoa «Annie Hall», na ndani yake kuna mwanaume wa New York anayeyachambua mapenzi yake mpaka yanamponyoka; kwa miaka 15 amekuwa akienda kwa mtaalamu wa nafsi. Wa kwetu, akiwa mwanamke, hana mtaalamu. Ana shoga yake, na shoga huyo mara nyingi ndiye anayemchukua bwana. Kwa maoni yangu hapo watunzi wetu waliwazidi Wamarekani.

Siku hizi kibanda hakina watu. Tamthilia ziko kwenye king'amuzi, za Kituruki zinasema Kiswahili, na vipande vyake viko kwenye simu ya kila mwendesha bodaboda. Lakini kilichobadilika zaidi ni sisi wenyewe. Binamu yangu ananunua mahindi na maharage vijijini, njia ya Kamsamba, na kuyauza hapa Mlowo. Mchumba wake ana duka Tunduma, na mzigo wake mwingi anauchukua Nakonde, ng'ambo ya pili ya mpaka, Zambia. Ana laini ya Tanzania na laini ya Zambia. Binamu akimtumia ujumbe, anakaa na simu mkononi akisubiri tiki ziwe bluu. Zikiwa bluu bila jibu, halali. Zisipokuwa bluu, halali vilevile. Juzi niliwasikia wakiongea kwenye simu.

«Jamani mpenzi, nilifunga duka saa tatu nikalala.»

«Saa tatu ya wapi? Ya Tunduma au ya Nakonde?»

Swali lilikuwa la haki kabisa, maana saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na ndani ya saa hiyo mwanaume anaweza kufanya mengi. Mkwaju angeipata nafasi hiyo! Binamu alikata simu, akapiga tena, akakata, kisha akazunguka magunia yake ya mahindi kama Ray na ngazi zake.

Sijaona bado filamu wala tamthilia yenye mchumba anayejificha kwenye saa ya nchi jirani. Watunzi wa Dar, mkimaliza Masaki na Mikocheni, pandeni basi mje Mlowo. Gesti zipo, mtandao unashika, na binamu yangu ana mengi ya kuwaeleza.