Kujifunza Ukubwani

Mtu mzima hujifunza kwa shida, si kwa sababu akili yake imechakaa, bali kwa sababu heshima yake imekua. Mtoto akianguka huinuka akacheka. Mtu mzima akianguka hutazama kwanza kama yuko aliyemwona. Jambo hili lilimpata mwalimu mmoja wa hesabu mjini Tanga, alipokuwa na umri wa miaka 43, na chanzo chake kilikuwa mchezo.

Mchezo huo huitwa triathloni, nao ni michezo mitatu katika mmoja: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, mmoja ukifuata mwingine pasipo mapumziko. Mashindano ya kwanza yaliyoitwa kwa jina hilo katika zama hizi yalifanywa San Diego, Marekani, mwaka 1974. Na mwaka 2000 mchezo uliingia katika Olimpiki, kule Sydney. Katika Olimpiki mshindani huogelea kilomita 1.5, huendesha baiskeli kilomita 40, akamaliza kwa kukimbia kilomita 10. Wanaoanza aghalabu hupewa nusu yake: mita 750 majini, kilomita 20 juu ya baiskeli na kilomita 5 kwa miguu.

Mwalimu alizaliwa Lushoto, katika milima ya Usambara, ambako watoto hupanda na kushuka tangu wajuapo kutembea. Kukimbia hakukumtisha, na baiskeli aliipanda kila siku kwenda shuleni. Basi siku moja, mbele ya walimu wenzake, alijigamba kwamba mtu aliyeweza mambo mawili hawezi kushindwa na la tatu. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Alikuwa amekaa Tanga miaka 18, bahari ikiwa mbele ya macho yake, wala hapana aliyejua kwamba hajui kuogelea. Neno lilikwisha kutoka. Kulirudisha ilikuwa aibu, na kulitimiza ilikuwa hatari.

Akatafuta mtu wa kumfundisha. Aliyepatikana alikuwa kijana mvuvi, na mvuvi huyo zamani alikuwa mwanafunzi wake. Alikuwa mzito wa hesabu. Siku moja alipouliza swali lile lile mara ya tatu, mwalimu alimwambia mbele ya darasa kwamba kichwa chake kilifaa kubebea tenga la samaki. Darasa zima lilicheka. Mwaka uliofuata mtoto yule hakurudi shuleni.

Walikutana ufukoni alfajiri, maji yakiwa yamejaa. Mwalimu aliingia kwa nguvu akatoka kwa hofu. Kosa lake lilikuwa kosa la wengi: alizuia pumzi chini ya maji, kifua kikajaa hewa iliyokwisha kutumika, moyo ukamwenda mbio. Akainua kichwa apate kupumua, na kwa kuinua kichwa, miguu ikazama. Kadiri alivyopigana na maji ndivyo maji yalivyomshinda.

"Mwalimu, toa pumzi majini, polepole," kijana alimwambia. "Usiyapige. Yatakubeba."

Siku ya pili alisema maneno hayo hayo, na siku ya tatu, na siku ya kumi. Kila aliposhindwa, mwalimu aliuliza tena lile aliloambiwa jana, akangojea tusi ambalo yeye mwenyewe angalilitoa. Tusi halikuja. Sauti ya kijana haikupanda hata mara moja.

Asubuhi moja, walipokuwa wamekaa mchangani, mwalimu alisema, "Mwanangu, siku ile darasani nilikukosea."

Kijana alikuwa akitengeneza wavu wake. "Yamekwisha, Mwalimu," alijibu. Kisha, baada ya kitambo, akasema, "Lakini shule nilikuwa naipenda."

Jibu hilo lilikuwa na kina kuliko bahari. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Miezi ilipita. Jumamosi mwalimu aliendesha baiskeli katika barabara ya Muheza, kati ya mashamba ya katani, akashuka na kukimbia papo hapo kwa miguu iliyokuwa mizito kana kwamba ameiazima kwa mtu. Siku ya mashindano ilipofika alitoka majini karibu wa mwisho, na alimaliza karibu wa mwisho. Alicheka, wala hakutazama nani aliyemwona.

Tangu hapo, mwanafunzi wake akiuliza mara ya tatu hujibiwa mara ya tatu, na akiuliza mara ya kumi hujibiwa mara ya kumi. Kijana naye aliitwa aje kusoma jioni bila malipo. Alishukuru kwa adabu, akasema kwamba jioni ndiyo saa ya kutweka tanga, na sasa ana watoto wa kulisha. Wa kwanza karibu ataanza shule.

Hapana shaka mwalimu alipata mwili wenye nguvu kwa mazoezi yake. Lakini nguvu hupungua kwa umri. Faida iliyobaki ni kujua kwamba mwalimu aliyesahau ugumu wa kujifunza huwazamisha wanafunzi wake, na kwamba anayezama aghalabu hapigi kelele.