Gurudumu Lililobaki Lodwar

Jumatatu, 28 Oktoba 2019
Ndege aina ya Dash 8 ya kampuni ya Silverstone iliyokuwa ikitoka Lodwar kuja uwanja wetu wa Wilson, Nairobi, imedondosha gurudumu moja wakati wa kupaa. Rubani hakuileta kwetu. Ameipeleka Eldoret, na wote wameshuka salama. Hangani kazi ilisimama kidogo. Bado hatujasahau tarehe 11 mwezi huu, Fokker 50 ya kampuni hiyohiyo ilipotoka nje ya njia ya kurukia hapahapa Wilson ikijaribu kupaa.

Jioni nikishuka stejini Olympic, mama anayetuuzia chapati ameniita. "Fundi, hospitali kubwa ziko Nairobi. Mbona wamepelekwa Eldoret?" Nimefurahi kuulizwa hivyo, maana wengi wanauliza tu nani alilia na nani aliomba. Nimemwambia njia zetu za Wilson hazifiki mita 1,600, na zikiisha kuna barabara, kuna mitaa, kuna sisi hapa Kibera. Ya Eldoret ina mita 3,500. Ndege yenye mguu mbovu inaweza kuvuta upande mmoja ikishagusa lami, na rubani anahitaji nafasi aiache ipunguze mwendo yenyewe bila kukanyaga breki kwa nguvu. Akasema, "Basi huyo rubani ametufikiria na sisi." Ndiyo, mama.

Dada amepiga simu usiku. Yuko Lodwar kikazi na ana tiketi ya Alhamisi, ya kampuni nyingine. "Mdogo wangu, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nipande ndege au nipande basi la Kitale?" Nimemwomba anipe hadi kesho.

Jumanne, 29 Oktoba
Nimemweleza hivi. Dash 8 ina mguu mmoja wa mbele na miwili mikuu chini ya mabawa, na kila mguu una magurudumu mawili. Likitoka moja la mguu mkuu, la pili linabaki kubeba. Hatari ipo, kwa kuwa hilo moja sasa limebeba mzigo wa mawili na tairi linaweza kupasuka. Lakini ndege bado ina mguu wa kusimamia.

Akauliza, na miguu ikikataa kabisa kushuka? Hapo ndipo ningeweza kuongea hadi asubuhi. Kwa kawaida miguu husukumwa na haidroli. Haidroli ikifa, kwenye dari ya chumba cha marubani kuna kifuniko, na ndani yake mpini. Ukiuvuta, kufuli za miguu mikuu zinaachia na miguu inaanguka kwa uzito wake. Sakafuni kuna kifuniko kingine chenye mpini wa mguu wa mbele na pampu ya mkono ya kumalizia kazi mpaka miguu mikuu ijifunge. Nimeivuta pampu hiyo ndege ikiwa juu ya jeki; inataka bega. Kisha unatafuta taa tatu za kijani. Moja isipowaka, unauliza: ni mguu au ni balbu? Chini ya kifuniko hicho cha sakafuni mna taa nyingine za kuhakikishia. Tena unaweza kupita karibu na mnara wakutazame kwa darubini, ingawa mnara utaona kama mguu umeshuka, hauwezi kuona kama umejifunga.

Dada alinyamaza, halafu akasema, "Kumbe kuna muda."

Muda upo, na ndilo nililotaka alishike. Injini ikizima baada tu ya kupaa, rubani anahesabu sekunde. Mguu ukigoma, ndege inaruka vizuri tu. Kinachotakiwa ni kupanda juu, kufungua kitabu cha dharura na kukifuata mstari kwa mstari, mmoja akiendesha na mwingine akisoma.

Jumatano, 30 Oktoba
Mawazo hayajaniacha, nayaandika. Tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya Eastern, safari namba 401, ilikuwa ikikaribia Miami. Taa ya mguu wa mbele haikuwaka. Wote chumbani wakaishughulikia balbu, na hakuna aliyeona kwamba ndege imeanza kushuka taratibu gizani. Ilianguka kwenye vinamasi vya Everglades, wakafa watu 101. Mwaka 1978, tarehe 28 Desemba, DC-8 ya United ilizunguka karibu saa nzima juu ya Portland kwa shaka ya mguu, hadi mafuta yakaisha. Wakafa 10. Katika ajali zote mbili miguu ilikuwa imeshuka!

Linganisha na Aalborg, Denmark, Septemba 2007. Dash 8 Q400 ya SAS ilitua, mguu mkuu wa kulia ukakunjika kweli, vipande vya propela vikapenya hadi ndani ya sehemu ya abiria. Hakuna aliyekufa. Sababu ilikuwa kutu kwenye nyuzi za kiungo kimoja cha chuma mguuni, mahali ambapo jicho halifiki usipokifungua.

Ijumaa, 1 Novemba
Dada amefika jana kwa ndege. Amelala hapa kwangu, ameamka na maswali mengine. Lililonishika ni hili: "Mnamsifu rubani. Na gurudumu je, lilitokaje?"

Uchunguzi ni wa wenye kazi hiyo na mimi siwezi kubuni sababu. Ila najua gurudumu linakaa kwenye ekseli kwa beringi na nati, na nati inakazwa kwa kipimo, kisha inafungwa isilegee. Mtu hufanya hayo kwa mikono yake na kutia sahihi. Sifa za Eldoret ni halali yao marubani. Lakini zisitufanye sisi wa chini tupumue mapema. Kutua salama hakujajibu swali la Lodwar.

Jumatano, 13 Novemba
Mamlaka ya Usafiri wa Anga imezisimamisha Dash 8 za Silverstone. Kuna vijana wa kazi hapo ninaowafahamu, wanaongea kwa hofu ya mishahara, na nawaonea huruma. Hata hivyo naunga mkono uamuzi huo.

Leo nimemwomba msimamizi wetu kwamba kila gurudumu likifungwa, fundi wa pili asiyehusika na kazi hiyo aje aikague nati kabla ya sahihi. Amesema itatupotezea nusu saa kwa kila ndege. Nimemjibu kwamba nusu saa hiyo nitaitoa mimi, hata baada ya zamu. Tunaanza kesho na ile iliyo kwenye jeki.