Vinka: Pambo la Mteremkoni

Nyumba nyingi za Kigali hazikujengwa mahali tambarare. Mji huo umekaa juu ya vilima, yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na apataye kiwanja aghalabu hupata pamoja nacho ukingo wa udongo mwekundu usioota kitu. Mvua za Machi hadi Mei zikifika, ukingo huo huteremka kwa jirani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja wa Nyamirambo, mke wa askari polisi. Kila masika matope yake yaliingia katika ua wa jirani wa chini, mzee mpole asiyejua kugomba. Asubuhi mzee huyo husimama na koleo lake na kuuliza, "Mama, udongo wenu niurudishe, au niupandie mihogo?" Neno hilo lilimwuma mama yule kuliko matusi. Mumewe alikuwa kazini mbali na nyumbani, na fedha za kujengea ukuta hazikuwapo.

Shoga yake mmoja wa Kimironko akamletea karatasi iliyokunjwa, ndani yake mbegu ndogo nyeusi za vinka.

Vinka ni kile kichaka kifupi chenye majani ya kung'aa na maua ya petali tano, ya rangi ya waridi au meupe. Asili yake ni kisiwa cha Bukini, ambacho leo huitwa Madagaska. Iko vinka nyingine, ya Ulaya, yenye maua ya samawati, nayo hutambaa na kutia mizizi kila shina linapogusa ardhi. Hii ya Bukini haitambai. Huifunika ardhi kwa kuwa imepandwa kwa kubanana, na kwa kuwa mbegu zake huanguka na kuota zenyewe. Asiyejua hilo hupanda miche mitatu, akangoja zulia la maua, akakata tamaa.

Mama yule alisia mbegu mwezi wa Agosti katika kisanduku, akazifunika kwa udongo mwembamba, maana mbegu ya vinka hupenda kuchipua gizani. Zilichukua kama majuma mawili. Mvua za Septemba zilipoanza aliipandikiza miche kwa nafasi ya sentimeta 25, mistari ikipishana, mche wa chini ukiziba pengo la juu yake. Kwanza, hata hivyo, alipanga mawe chini ya ukingo. Alifanya vema, kwani mizizi ya vinka haiwezi kuzuia ukingo mkali usiporomoke. Kazi ya majani yake ni kuvunja nguvu ya matone ya mvua. Samadi aliitia kidogo tu, kwa sababu ikizidi huleta majani mengi na maua machache. Ncha za miche alizikata ili itanuke. Miche iliyokuwa bondeni, palipotuama maji, ilioza yote. Vinka huvumilia jua la Julai, lakini haivumilii kusimama majini.

Maua yalipochanua, likazuka jambo jingine. Mavyaa wake, bibi mwenye ugonjwa wa kisukari, alikuwa amesikia kwamba majani hayo yakichemshwa hushusha sukari. Siku moja alionekana ukingoni akiyachuma.

"Mama, tafadhali usinywe hayo," mkwewe alimwambia.

"Mwanangu, unaninyima majani?"

Habari aliyoisikia bibi ni ya zamani, na haikuanzia Nyamirambo. Mwaka 1952 majani ya vinka yalipelekwa Kanada kutoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kama chai kwa ajili ya kisukari. Wataalamu Robert Noble na Charles Beer waliyajaribu kwa panya. Sukari haikushuka, bali chembe nyeupe za damu zilipungua mno, na panya waliodungwa dawa hiyo walikufa kwa maambukizo. Kutokana na mkasa huo ikapatikana vinblastini, iliyotangazwa mwaka 1958, kisha vinkristini, ambayo hadi leo hutumika kutibu saratani ya damu ya watoto. Kituo cha saratani cha Butaro, wilayani Burera, kilichofunguliwa mwaka 2012, nacho huitumia. Lakini gramu moja ya vinblastini huhitaji majani makavu kadiri ya kilo 500, na daktari huipima kwa uangalifu mkubwa, maana kitu kinachoua saratani huweza kumdhuru mgonjwa pia. Sufuria ya jikoni haina kipimo hicho.

Maneno ya mkwe hayakutosha. Ilibidi bibi apelekwe kituo cha afya, na muuguzi amweleze kwa heshima kwamba asiache vidonge vyake. Alirudi kimya, na kwa siku nne hakumjibu mkwewe ila salamu. Siku ya tano alitoka na mkasi, akaanza kupunguza ncha za miche bila kuambiwa. Mikono aliinawa kwa sabuni, kwa kuwa utomvu wake huwasha ngozi za wengine.

Masika yaliyofuata matope yaliteremka bado, ila kiasi cha karai moja. Mzee alikuja na koleo lake, akaangalia, akaomba mbegu. Bibi mwenyewe ndiye aliyezichuma na kuzikunja katika karatasi, na kabla mzee hajauliza neno akamwambia kwamba hazichemshwi.