Nilizifuta Vumbi, Sikuzihesabu

Mota mbili zilizoungua Majengo, Dodoma, mwaka 2011, kwenye mashine ya kukamua alizeti mtaa wa nyuma ya soko, niliziunguza mimi. Aliyezisuka hakuwa na kosa. Nimewaacha watu waamini vingine kwa miaka mingi, na kijana yule alipoteza wateja kwa sababu ya maneno yangu. Naeleza hapa jinsi ilivyokuwa, pamoja na ufundi wake, kwa sababu kosa lilianza kuwa la ufundi kabla halijawa la tabia.

Mwaka ule tunaukumbuka kwa mgao wa umeme. Maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yamepungua sana, na bwawa lile likishuka hadi mita 690 juu ya usawa wa bahari, mitambo yake miwili, ya megawati 80 kwa pamoja, hutakiwa kuzimwa. Umeme ulikatika mchana kutwa, tena katika miezi ambayo alizeti ya Kongwa na Bahi inaingia mjini. Mama mwenye mashine alikuwa na magunia ya watu yamejaa hadi barazani. Injini ya dizeli alikuwa nayo, nzima, gavana yake imefungwa kwenye mizunguko 1500 kwa dakika. Alichokosa ni altaneta, sehemu inayozalisha umeme. Nikamtafutia iliyotumika, Dar es Salaam. Kibati chake cha maelezo kilikuwa kimepakwa rangi hadi hakisomeki.

Wakati huo nilikuwa na namba mbili kichwani, na nilizishika kama amri: jenereta ndogo ya petroli ni 3000, jenereta kubwa ya dizeli ni 1500. Nilikuwa nimefunga na kufungua jenereta nyingi kwa namba hizo, na hazikuwahi kuniangusha. Sikujua zinatoka wapi.

Zinatoka kwenye ncha za sumaku. Ndani ya altaneta kuna stata iliyotulia na rota inayozunguka, na rota ina ncha, moja ya kaskazini, inayofuata ya kusini, hivyo hivyo hadi mwisho wa mzunguko. Kila jozi ya ncha ikipita mbele ya koili ya stata huzaa wimbi moja kamili la umeme. Umeme wetu Tanzania ni wa mawimbi 50 kwa sekunde, hezi 50. Rota yenye ncha 2 ina jozi moja tu, basi lazima izunguke mara 50 kila sekunde, na hiyo ndiyo 3000 ya dakika. Yenye ncha 4 huhitaji nusu ya kasi hiyo, 1500. Yenye ncha 6 huhitaji 1000. Yenye 8 huhitaji 750. Hesabu yake ni fupi: zidisha mizunguko ya dakika kwa idadi ya ncha, gawanya kwa 120.

Altaneta niliyoileta ilikuwa na ncha 6. Ilitengenezwa ifungwe kwenye injini ya polepole. Na mimi nilikuwa nimeifungua! Niliitoa rota, nikaiweka juu ya meza, nikafuta vumbi na grisi kwenye ncha moja baada ya nyingine, nikapaka vanishi. Zilikuwa mbele ya macho yangu na mikono yangu ilizigusa zote. Niliona pia kwamba altaneta hiyo ni pana na nzito kuliko altaneta za nguvu ile nilizozizoea, nikamwambia mama kwamba uzito huo ni dalili ya chuma bora. Kumbe uzito ulikuwa unasema jambo lingine kabisa. Ncha zikiongezeka, kila moja hutaka nafasi yake, rota hupanuka, na mashine inayozunguka polepole huhitaji mwili mkubwa zaidi ili kutoa nguvu ileile.

Nikaiunganisha moja kwa moja na injini. Zidisha 1500 kwa 6, gawanya kwa 120: hezi 75.

Mita yangu ya volti ilionyesha 400 bila kutikisika. Hapo ndipo nilipodanganyika, na mafundi wengi bado wanadanganyika hapo. AVR, kile kifaa kinachosawazisha volti, hupunguza sumaku ya rota kasi ikizidi, basi volti hubaki palepale hata kama mawimbi yamekwenda mrama. Ishara zilikuwepo. Taa za mirija zilififia kidogo. Mota iliyopaswa kuzunguka kama 1440 ilikaribia 2100, mkanda ukalia, mafuta yakatoka kwa kasi, na watu waliokuwa kwenye foleni wakanishangilia. Lakini mota ya hezi 50 ikipewa hezi 75 kwa volti zilezile, sumaku ndani yake hupungua kwa theluthi moja. Ili isukume mzigo uleule inalazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi, kama mara moja na nusu. Ovalodi ikaanza kukata. Ovalodi kazi yake ni hiyo, kusema kwamba mota inazidiwa. Mimi nikachukua bisibisi nikaipandisha, ili mama asisumbuliwe.

Mota ikaungua. Kijana aliyeisuka, fundi wa mtaani kwetu, aliifungua mbele yangu akanionyesha koili. "Kaka, tazama, fezi zote tatu zimeungua sawasawa. Kosa la kusuka lingeonekana sehemu moja. Hii imebebeshwa mzigo. Ilikuwa inazunguka kasi gani?" Alikuwa amefika mlangoni mwa jibu. Nikamkatisha. Nikamwambia mbele ya mama na mbele ya mafundi wengine kwamba mdogo wangu, waya uliotumia ni mwembamba, suka upya. Akasuka mota nyingine. Nayo ikaungua. Baada ya hapo hakuna aliyempelekea mota Majengo, naye akahama.

Ukweli niliupata nilipomiliki mita inayopima hezi. Niliijaribu kwenye umeme wa gridi, ikasoma 50. Nikaenda kuijaribu kwa mama, ikasoma 75. Nikafungua mfuniko, nikahesabu ncha kwa kidole. Kisha nikafanya jambo baya kuliko la kwanza: nilifunga puli na mkanda kati ya injini na altaneta ili altaneta izunguke 1000, nikairudisha ovalodi mahali pake, nikamwambia mama nimeiboresha mashine. Akanishukuru. Nikapokea shukrani.

Tangu siku ile nimependa sana jambo hili la ncha, na siwezi kulieleza bila kustaajabu. Maji yanazungusha turbini polepole, kwa hiyo majenereta ya mabwawa hujengwa mapana, yenye ncha nyingi. Turbini kubwa za mvuke huenda 3000, na rota ndefu na nyembamba ya jenereta zake ina ncha 2 tu, maana kwa kasi hiyo rota pana ingeraruliwa na nguvu ya mzunguko. Mtera, Kidatu, mitambo ya gesi ya Kinyerezi, na sasa Bwawa la Nyerere lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja: mashine hizo hazina sababu ya kuzunguka kwa kasi moja, lakini zote zinamimina kwenye gridi moja na zote lazima zitoe hezi 50 kwa wakati mmoja. Idadi ya ncha ndiyo inayozipatanisha. Umeme unaofika kituo cha Zuzu na kuingia nyumba zetu Dodoma umepita kwenye hesabu hiyo, na mimi niliyejiita fundi niliiruka.

Gharama za kusuka mota zote mbili nimemrudishia mama, na nimemweleza pia habari ya ovalodi. Kijana nimemtafuta, sasa ni mtu mzima mwenye karakana yake mkoa mwingine. Alinisikiliza hadi mwisho. Fedha alikataa. Alitaka niyaseme haya palepale Majengo, kwa mafundi walewale nilioyasema ya uongo mbele yao. Walio hai na waliobaki mtaani ninawajua. Nimekwisha kuzungumza na wawili, na Jumamosi ninakwenda kwa wengine.