Injini Inayogonga

Nilianza ufundi Morogoro katika miaka ya tisini, wakati pikipiki zilikuwa za mabwana shamba, mapadri na watu wa miradi. Yamaha AG100 zilishuka kutoka Mgeta na matope yake, Honda CG125 zikaja na vumbi la Kilosa. Fundi aliyenifundisha, ambaye sote tulimwita Mzee, hakuniruhusu kugusa injini ya mteja mpaka niweze kumwambia mlio unatoka wapi. Alinipa bisibisi ndefu: ncha niiweke kwenye chuma, mpini niukandamize kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Nianzie hedi, nishuke kwenye bloku, niende kava la klachi kulia, kisha kava la magineti kushoto. Palipo na ubovu, mpini hukugonga mpaka kwenye taya.

Halafu akanifundisha kuuliza. Inagonga ikiwa baridi au ikishapata moto? Ikipanda mlima au hata ikisimama? Ukibana klachi, inabadilika? Hilo la mwisho limeokoa fedha nyingi za watu. Pikipiki imesimama, haiko kwenye gia, upande wa kulia unatoa mchakacho; ukibana klachi kimya, ukiachia unarudi. Hapo tafuta hausingi ya klachi iliyolegea, au beringi ya gia boksi. Krenki iache.

Tapeti nazo zimesingiziwa mengi. Kila krenki inapozunguka mara mbili, valvu hufunguka mara moja tu, kwa hiyo mlio wa tapeti ni mwepesi na una nafasi kati ya pigo na pigo. Kwenye CG125 nafasi ya tapeti ni milimita 0.08, na hupimwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefunga. Vijana wengi hukaza tapeti injini ikiwa ya moto, pembeni mwa barabara, mpaka mlio uishe, na mteja anaondoka amefurahi. Lakini tapeti iliyokazwa mno huizuia valvu kufunga, na valvu isiyofunga sawasawa huungua. Ndiyo maana tapeti isiyosikika kabisa hunitia wasiwasi kuliko ile inayosikika kidogo.

Mwaka 2010, kanuni za kuruhusu pikipiki kubeba abiria kwa biashara zilipotoka, kazi ilibadilika. Injini nyingi za Kichina zilizojaa mjini zilikuwa zimefuata ile ile CG, yenye pushirodi. Boxer ikaja na cheni ya taimingi. Ukichanganya hizo mbili utahangaika kutafuta cheni mahali isipokuwepo. Lakini mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa ya mwenye kuiendesha. Kijana wa mkataba anapeleka hesabu kwa tajiri mwenye pikipiki kila jioni. Injini ikilala gereji, hesabu haimsubiri. Kumwambia "tushushe injini" kabla hujasikiliza ni kumtoa kwenye mkataba, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Alikuja mmoja aliyekuwa akibeba ndizi kutoka Kinole. Gereji nyingine ilikwisha kumwambia krenki imekufa.

"Shikamoo fundi. Inagonga mlimani tu, nikiwa na mzigo."

"Marahaba, mdogo wangu. Iwashe tuisikie."

Nilipita na bisibisi kila mahali, baridi na moto, sikupata kitu. Konrodi iliyokufa haijifichi hivyo: ukivuta mafuta ghafla na kuachia, inagonga kule chini, nzito, hata kama pikipiki haibebi chochote. Nikamwambia apakie mizigo, tukapanda wote mlima wa kwanza. Hapo nikaisikia, nyembamba na kali, mfano wa misumari inayotikiswa kwenye kopo. Akipunguza mafuta kidogo, inakoma papo hapo. Nikafungua tangi nikanusa: mafuta ya taa. Alikuwa akinunua petroli ya kwenye chupa kijijini. Uchakachuaji ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuuzima. Petroli iliyochanganywa hivyo hulipuka ovyo ndani ya silinda injini inapoelemewa, na ikiachwa itatoboa pistoni kweli. Tukamwaga tangi, tukasafisha kabureta, tukaweka petroli ya kituoni, tukapanda tena. Kimya. Alilipa petroli na kazi ya kusafisha, basi.

Kelele ya konrodi, hiyo haina mjadala, na chanzo chake mara nyingi ni oili. Injini hizi hubeba lita moja hivi, na hiyo hiyo inahudumia pistoni, gia na klachi. Kwenye CG hakuna chujio la karatasi. Kuna kikombe kwenye ncha ya krenki, upande wa kulia, kinachozunguka nayo na kurusha uchafu kwenye kuta zake. Oili hupita humo kabla ya kuingia kwenye krenki na kufika kwenye beringi ya konrodi. Nimefungua vikombe vilivyojaa tope jeusi, gumu, la kuchokoa kwa bisibisi, tundu la katikati limebaki jembamba. Mwenyewe anaapa kwamba oili alibadilisha, na ni kweli, ila hicho kikombe hakuna aliyekigusa tangu pikipiki itoke dukani. Sasa kila injini ya CG ninayofungua kava la kulia kwa sababu yoyote, nakisafisha bila kuombwa wala kudai chochote.

Bloku ikitoka, naishika konrodi kwa mkono. Kucheza pembeni kidogo ni kawaida yake. Ikicheza kwenda juu na chini, hata kwa kuhisi tu, imekwisha. Hapo siizungushi habari: namwambia kijana gharama yote, kisha nampigia tajiri wake simu mimi mwenyewe, nimweleze kilichoharibika na kwa nini hesabu ya wiki hii isidaiwe.