Ugonjwa Usiopiga Kelele

Mgonjwa wa skizofrenia akipiga kelele usiku, mtaa mzima hujua anaumwa. Akinyamaza, watu husema amepona. Akishinda kitandani hadi adhuhuri na kuacha kuoga, wale wale humwita mvivu.

Nimeyaona hayo kwa binamu yangu, aliyekuwa fundi cherehani hodari. Sindano ya kila mwezi ilizinyamazisha sauti zilizokuwa zikimsumbua, lakini cherehani haikuguswa. Ukimsalimu alijibu neno moja, uso mkavu. Shangazi alifika mahali akasema afadhali zamani, alipogombana na watu wasioonekana, angalau alikuwepo.

Madaktari huziita hali kama hizi dalili hasi, yaani vile ambavyo ugonjwa huviondoa: ari, raha, maneno, hisia usoni na hamu ya kukaa na watu. Tangu klopromazini ilipoanza kutumika mwaka 1952, dawa zimefaulu zaidi kutuliza sauti kuliko kurudisha vilivyopotea.

Ndiyo maana hutafutwa kwanza sababu zinazotibika. Dawa kama haloperidoli ikizidi hukakamaza mwili na kugandisha uso. Sonona nayo huzima raha. Na mtu aliyefungiwa chumba cha uani azungumze na nani?

Huko Philadelphia, kundi la Aaron Beck, mwasisi wa tiba ya utambuzi, lilifanya utafiti wa miezi 18 kwa wagonjwa 60 waliokuwa wakijimudu kwa shida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: waliopata tiba hiyo pamoja na matibabu ya kawaida walipata ari zaidi. Beck aliona kwamba nyuma ya kulegea huko mara nyingi kuna imani kuwa kujaribu hakuna maana, kwani kushindwa ni lazima.

Hapo nikaelewa kwa nini makemeo hayakumsaidia binamu: kila kemeo lilimthibitishia kwamba hawezi. Nesi wa kliniki alimshauri shangazi amwombe ashone kifungo kimoja, akimaliza amshukuru. Siku hizi anapinda kanga za majirani. Maneno bado ni machache, na shangazi hamdai zaidi.

Ukiwa na ndugu wa namna hii, usimkatishe dawa kwa kuwa ametulia, wala usimwite mvivu. Muulize daktari kuhusu kipimo cha dawa na kuhusu sonona, kisha mpe ndugu yako kazi ndogo ambayo ataimaliza leo.